Todd Duncan, Mwalimu Aliyeimba kwa Magoti

Watu wengi hufikiri ya kuwa mwimbaji huzaliwa na sauti nzuri, basi, kazi imekwisha. Sivyo. Sauti ni zawadi, lakini akili ya kuitumia hutafutwa kwa jasho. Tutazame habari za Todd Duncan.

Alizaliwa mwaka 1903 huko Danville, Kentucky, katika Marekani. Mama yake alikuwa mwalimu wa muziki. Naye akasoma sana, akawa mwalimu wa kuimba katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington. Alipoitwa mbele ya mtungaji George Gershwin, aliimba wimbo wa zamani wa Kiitalia. Gershwin akamchagua awe Porgy katika opera yake “Porgy and Bess”. Opera ni mchezo wa kuimbwa. Huo ulianza kuchezwa New York mwaka 1935, ukachezwa huko mara 124.

Porgy ni kiwete anayeomba sadaka. Duncan alimcheza akienda kwa magoti. Watu weusi wengi walinung’unika: mbona mchezo uliotungwa na Wazungu unatuonyesha kama wacheza kamari na wapiga visu? Lawama hiyo ina haki. Lakini sikiliza sahani alizoimba Duncan. Hamdhihaki Porgy, wala hamlilii. Kila neno lasikika wazi, pumzi haikatiki, na yule kiwete anasimama kama mtu mwenye heshima. Elimu ya mwimbaji imeziba upungufu wa kitabu.

Na heshima hiyo haikuishia jukwaani. Mwaka 1936 mchezo ulipelekwa Washington, katika National Theatre, ambamo watu weusi hawakuruhusiwa kuketi pamoja na Wazungu. Duncan na Anne Brown, aliyecheza Bess, wakakataa kuimba. Wenye nyumba wakataka kuwapa watu weusi siku zao peke yao. Duncan akakataa tena. Mwisho milango ikafunguliwa kwa wote. Lakini mchezo ulipoondoka, ubaguzi ukarudi.

Mwaka 1945 akaimba katika “Pagliacci” pamoja na New York City Opera, mtu mweusi wa kwanza kupewa kazi kubwa huko. Umri wake ulikuwa miaka 42. Ni miaka mingapi ya sauti iliyopotea mlangoni! Mwaka 1949 akawa Stephen Kumalo katika “Lost in the Stars”, kasisi wa Afrika ya Kusini anayemtafuta mwanawe mjini Johannesburg. Kwa baba yule mwenye kuvunjika moyo, Duncan hakuhitaji kupaza sauti.

Alifundisha kuimba hata uzee wake, akafa mwaka 1998. Wengine watamsifu kwa sauti yake. Mimi namsifu zaidi kwa sababu alijua wakati wa kuinyamazisha.