Shanta la Kuwindia: Namna ya Kulitambua Lililoiva

Shanta jipya la kuwindia huivishwa na mzigo. Katika Milima ya Rocky nchini Marekani, elki dume aliyekomaa, mnyama wa jamaa ya kulungu, aweza kutoa kilo 90 za nyama tupu au zaidi. Pasipo farasi, nyama hiyo yote hutoka porini mgongoni mwa mtu, kwa safari tatu au nne za kupanda na kushuka makorongo. Jimboni Colorado msimu wa upinde hufunguliwa tarehe 2 Septemba, kwa hiyo kazi ya kulizoesha shanta ni ya Juni na Julai. Anayeianza mwishoni mwa Agosti ameshachelewa.

Kazi hiyo ina viwango vyake, ingawa kwa jinsi mashanta yanavyosifiwa siku hizi mtu angedhani havipo. Shanta likipauka kidogo, likawa na vumbi kwenye zipu na tone la damu kavu mfukoni, watazamaji hutikisa vichwa kwa heshima na kusema hilo limeiva. Limechakaa tu. Kupauka ni kazi ya jua, na jua halijapata kubeba nyama. Nailoni ya Cordura haizoei mgongo wa mtu yeyote, wala zipu haizoei. Mishono hukaguliwa mara moja, siku ya kununua, hasa pale mkanda wa bega unaposhikana na fremu. Mkanda ukivutwa na nyuzi zikaonekana kuachia, shanta lirudi dukani na mjadala uishe. Vinavyozoea ni vitatu: sponji ya mkanda wa kiuno, mikanda ya mabega, na fito.

Fito ndizo mwanagenzi asizoziona. Ni vipande viwili bapa vya alumini vinavyosimama ndani ya paneli ya mgongo, kila kimoja katika ala yake, kutoka mabegani hadi kwenye mkanda wa kiuno. Kiwandani hupindwa kufuata mgongo wa wastani, mgongo ambao hakuna aliyewahi kuzaliwa nao. Mwanagenzi hajui hata kama hutoka. Hununua shanta kwa bei ya kutisha, akalibeba miezi miwili bila kuzigusa, kisha akalalamika kwamba mabega yanamwaka moto, na kosa akalitupia mikanda ya mabega, ambayo haina hatia.

Fundi huzichomoa siku ileile ya kununua. Huziweka juu ya goti na kuzipinda kidogo kidogo, sehemu ya chini ifuate mbonyeo wa kiuno, ya juu ifuate uti unavyojitokeza kati ya mabega, huku mwenzake amesimama kando akimwangalia. Hupinda, hurudisha, huvaa, huchomoa tena. Jioni nzima huweza kuishia hapo. Alumini haipendi kupindwa na kunyooshwa mahali pamoja. Ikichoka hufanya ufa, na ndiyo maana wenye haraka hurudi dukani kununua fito nyingine. Zote mbili lazima zilingane: zikibanwa pamoja ubavu kwa ubavu, moja isijitokeze nje ya nyingine hata kwa unene wa kucha. Kisha mzigo hupakiwa, mkanda hufungwa, na mwenzake hupitisha kiganja kati ya kiuno na sponji. Kiganja kikipita bila kuguswa, fito bado. Kikikwama huku mbebaji akipumua vizuri, zimekubali. Fremu za kaboni hazipindiki, kwa hiyo sifa zote zinazomiminiwa wepesi wake zipunguzwe nusu.

Hayo yalijulikana zamani. Fremu ya mbao iitwayo Trapper Nelson, ambayo Lloyd Nelson aliipatia hataza mwaka 1924, ilikuwa na turubai lililokazwa kwa kamba ili mbao zisiguse mgongo, na aliyeijua alizikaza kamba zile kwa kadiri ya mgongo wake mwenyewe. Baadaye Dick Kelty, akiwa matembezini katika milima ya Sierra Nevada, aliona kwamba ncha za fremu zikichomekwa kwenye mifuko ya nyuma ya suruali uzito huhama mabegani na kukaa nyongani. Mwaka 1952 alianza kuuza mashanta yake ya fremu ya alumini huko Glendale, California. Mifuko ilishonwa na mkewe, Nena. Wakati ule aliyeshona aliweza kumjua aliyebeba. Sasa kuna saizi tatu, na mnunuzi ajipange katika mojawapo.

Mkanda wa kiuno ni ngata ya shanta: ukikaa vibaya, hakuna kingine kitakachokaa vizuri. Katikati ya upana wake ipite juu ya ukingo wa mfupa wa nyonga. Ukishuka hapo hubana paja, ukipanda hubana tumbo. Baada ya wiki kadhaa za mzigo sponji huacha alama ya mfupa, na alama hizo zisomwe kwa makini. Zikilingana kulia na kushoto, shanta limebebwa sawasawa. Ya kulia ikiwa na kina zaidi, mwenyewe anabeba upande.

Mzigo wa mazoezi ni mchanga, katika mifuko miwili au mitatu midogo isiyojazwa hadi mdomoni, kwa sababu nyama nayo hulegea na kuteleza. Huanzia kilo 15 na kupanda polepole hadi 30. Hukaa kwenye rafu ya nyama kati ya fremu na mfuko, ukigusa mgongo, usawa wa mabega. Vyuma vya mazoezi havifai. Hudidimia chini na kumvuta mtu nyuma. Wadanganyifu hujaza mito, wakapiga picha wakiwa wameinama kana kwamba wamebeba paja zima. Hutambuliwa kwa mikanda midogo ya juu ya bega: mzigo wa kweli huikaza kabisa, wa mito huiacha ikining'inia.

La mwisho ni sauti. Elki husikia mbali, na fito inayosuguana na plastiki hulia kwa kila hatua. Mahali panapolia hutafutwa kwa kutembea ngazini na mzigo mzima, kisha hupakwa nta isiyo na harufu. Mafuta ya manukato ni marufuku, hata yasifiwe vipi. Shanta ambalo katikati ya Agosti bado linalia libaki nyumbani, na la zamani lipewe msimu mmoja zaidi.