"Sapeur": Mtanashati, Mlimbwende au Mhuni?

Neno "sapeur", litumikalo Brazzaville na Kinshasa, humtatiza mfasiri. Kamusi ya Kifaransa itampa askari mchimba mahandaki au mzimamoto, maana zisizohusiana na vijana tunaowazungumzia. Asili yake ni kitenzi cha mitaani cha Kifaransa chenye maana ya kuvaa. Baadaye wenyewe waliifasiri "Sape" kuwa kifupisho cha jina la chama cha wachangamshaji na watu maridadi.

"Mtanashati" ni neno zuri, lakini lataja sifa ya mtu mmoja, si kundi lenye miiko yake. "Mlimbwende" laongeza dhana ya kujishaua. Ama "mhuni", hilo twalipinga kabisa: si tafsiri bali ni hukumu, nayo humfikia msomaji kana kwamba ni maelezo. Tukumbuke kwamba katika Zaire ya Mobutu, tangu 1972, abakosti, yaani koti lisilovaliwa na tai, ndiyo iliyokuwa vazi la taifa. Kuvaa suti ya Ulaya na tai kulikuwa ukaidi wenye maana, na mwanamuziki Papa Wemba (1949–2016) aliuvumisha mtindo huo miongoni mwa vijana.

Kwa hiyo twapendekeza "msape", wingi "wasape", na "usape" kwa mwenendo wao. Neno laingia katika ngeli bila taabu. Maelezo mafupi yatosha litajwapo mara ya kwanza. Wajibu wa mfasiri ni kuwataja watu, si kuwahukumu.