Kipa Asiyeruka

Jumapili moja asubuhi, wauza nyama wa Soko la Burma wakiwa bado wanapasua mifupa juu ya magogo yao, nilisimama kando ya kiwanja cha vumbi cha Kaloleni nikimtazama mtoto aliyepangwa golini baina ya mawe mawili, naye kila alipokabiliwa na mshambuliaji aliyebaki peke yake alitoka hatua mbili tatu, akapiga magoti yote mawili kwa pamoja, mpira ukamgonga mapajani. Wenzake walimcheka kwamba ameogopa kuruka. Mimi niliona ameifikia, pasi na mwalimu, ile elimu ambayo makipa wa hoki ya barafu huisomea kwa miaka.

Tufanye hisabu kidogo. Lango la kandanda lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, la hoki ni mita 1.83 kwa 1.22, yaani eneo lake ni thumuni kamili ya lile. Msomaji atadhani basi kazi ni nyepesi, walakini kinachopigwa huko ni paki, kisahani kigumu cha mpira mweusi chenye uzito wa gramu 160 hivi, ambacho kikitoka mita 10 kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa hufika langoni kwa muda unaozidi kidogo tu thuluthi ya sekunde. Jicho huwa limeona, na mkono haujapata amri.

Kwa hiyo aghalabu kipa wa hoki huimaliza kazi yake kabla ya mkwaju kupigwa. Akitoka mita 2 mbele ya mstari kumkabili mpigaji aliye mita 10 kutoka langoni, upana anaopaswa kuuziba hupungua kutoka mita 1.83 hadi 1.46, kisha yeye hushuka magotini, miundi imepanuliwa kushoto na kulia mfano wa mbawa za kipepeo, akaifunga sehemu yote ya chini. Mtindo huo ulikuwapo tangu awali, lakini ni kipa Patrick Roy wa Montreal, akinolewa na mwalimu François Allaire, aliyeufanya kuwa kanuni: mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 20, alitwaa Kombe la Stanley na tuzo ya mchezaji bora wa mchujo, na alipostaafu mwaka 2003 alikuwa ameshinda mechi 551 za ligi. Wala asingeweza kuyafanya hayo kabla ya kipa Jacques Plante, aliyepasuliwa uso na paki mjini New York tarehe 1 Novemba 1959 akakataa kurudi uwanjani bila barakoa. Maana apigaye magoti hukiteremsha kichwa chake mpaka ipitapo mikwaju.

Hapa Nairobi kiwanja cha barafu kilifunguliwa mwaka 2005 katika Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na ndimo walimokulia wachezaji wa timu ya hoki ya Ice Lions, waliokwenda Canada mwaka 2018 wakacheza pamoja na nyota wa hoki Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, kabla ya Kenya kuingia katika shirikisho la dunia la mchezo huo mwaka 2024. Kiwanja chenyewe ni kidogo sana kuliko vya kawaida, na kwa kipa udogo huo ni mtihani mzito, kwa kuwa karibu kila mkwaju hutokea jirani, na aliyekosea kusimama pasi ikipigwa amekwisha kufungwa.

Sisi tuliolelewa na Uwanja wa City tumewasifu makipa kwa kuruka, na zaidi kwa penalti. Hata Mahmoud Abbas, mlinda lango wa Harambee Stars walipotwaa Kombe la Chalenji mwaka 1981, 1982 na 1983, hutajwa kwanza kwa mikwaju ile ya Kampala ya mwaka 1982, Uganda ilipofungwa 5-3. Nami namheshimu mno kwayo. Ila penalti ndiyo saa ambayo sheria humfunga kipa mstarini, ikamnyang'anya hatua zile mbili tatu, asibakiwe na jingine ila kuruka.

Yule mtoto, kipindi cha pili kilipokaribia, alipima kwa hatua nafasi baina ya mawe, akapata katikati, akachora kwa kisigino mstari mrefu kuelekea uwanjani, ili akitoka ajue bila kugeuka lango lake liko wapi.