Nyuzi za DNA juu ya dhahabu

Vijiti vingi vya kupimia sukari vinavyouzwa duka la dawa huchapwa kwa skrini. Wino wa kaboni unapitishwa kwenye kitambaa chenye matundu kwa kibao cha mpira, kazi ileile ya kuchapa fulana za kampeni, ndiyo maana bei yake ni ndogo. Kihisi cha DNA ya bakteria kinaweza kuanzia kwenye kijiti cha namna hiyo, ila kiwe na doa la dhahabu. Urahisi unaishia hapo.

Doa husafishwa kwanza. Hata mafuta ya kidole hulichafua. Kisha linadondoshewa nyuzi fupi za DNA zinazooana na jeni inayosakwa, kila uzi ukiwa na salfa mwishoni, maana salfa na dhahabu hushikana zenyewe. Utundu uko kwenye nafasi. Nyuzi zikibanana, jeni ya bakteria haipati pa kupenya. Zikipungua mno, umeme unakuwa hafifu. Na uzi wenye unene wa kupimwa kwa nanomita haupangwi kwa kibano! Fundi anacheza na wingi wa nyuzi, chumvi na muda, halafu anamwagia molekuli nyingine fupi za salfa zizibe mapengo.

Mwaka 2003, Chunhai Fan, Kevin Plaxco na Alan Heeger, wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walifanya jambo ambalo bado nalistaajabia. Waliukunja uzi, wakafunga ferosini, molekuli inayopeana elektroni na dhahabu, kwenye ncha yake iliyolala karibu na doa. Baadaye nafasi yake ikachukuliwa na methilini bluu, rangi ambayo Paul Ehrlich aliwapa wagonjwa wa malaria mwaka 1891. Jeni husika ikifika, uzi unakunjuka, ncha inakwenda mbali, mkondo unashuka. Mashine inasoma huko kushuka tu.

Chuoni humo kihisi kikaja kunasa jeni ya Salmonella, lakini baada ya jeni kurudufishwa kwanza. Hapo ndipo gharama inaporudi, na wanaosifu bei ya kijiti hawapasemi sana.

Tatizo jingine ni stoo: nyuzi hubanduka. Mwaka 2025 watafiti wa MIT, waliokuwa wakisaka alama ya saratani ya tezi dume kwa vihisi vya kama nusu dola, walizipaka polivinili alkoholi, plastiki inayoyeyuka majini, wakaiacha ikauke. Vihisi vilidumu miezi miwili, na joto la hadi sentigredi 65 hivi havikulijali. Wakati wa kupima, tabaka hilo linasuuzwa tu.