Gogo la Kalambo na kazi ya fundi wake

Ukizunguka makumbusho, unaweza kutoka ukiamini kwamba watu wa kale walifanya kazi kwa mawe peke yake. Sababu ni nyepesi: jiwe haliliwi na mchwa. Mti huoza, na pamoja nao huoza sehemu kubwa ya ujuzi wa waliouchonga.

Pale Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Zambia na Tanzania, mti haukuoza. Ulizama kwenye tope lililojaa maji, hewa ikakosekana, na vijidudu vya kuozesha vikashindwa kuishi. Mwanaakiolojia Desmond Clark alichimba hapo miaka ya 1950 na 1960 akapata vipande vya mti, lakini umri wake haukuthibitika. Mwaka 2019 kikundi cha Larry Barham, wa Chuo Kikuu cha Liverpool, kilirudi na kukuta magogo mawili yamepandana.

Hapa ndipo penye utamu. Gogo la juu, lenye urefu wa karibu mita 1.4, limekatwa pengo upande wa chini, na pengo hilo limekalia gogo la pili lililopita chini yake. Alama za kukata na kukwangua bado zinaonekana. Mafuriko yanaweza kulaza gogo juu ya jingine. Kulichonga likae mahali pake hayawezi. Aliyelikata alilitazama kwanza gogo la chini, akakisia unene wake, ndipo akashika jiwe lake la kukatia.

Umri ulipatikana mchangani, maana kipimo cha kaboni hugota kwenye miaka 50,000 hivi. Chembe za madini zikifunikwa zisione jua hujilimbikizia nishati ya mnururisho wa ardhini. Maabara huzichochea ziitoe kwa njia ya mwanga, na wingi wa mwanga huo hueleza zimekaa gizani muda gani. Jibu likawa miaka 476,000, pungufu au zaidi kwa 23,000. Mabaki ya kale kabisa yanayohusishwa na binadamu wa aina yetu, ya Jebel Irhoud nchini Moroko, yana miaka 300,000 hivi; gogo hili basi lilichongwa kabla ya hapo.

Je, lilikuwa jukwaa, kivuko, au msingi wa kibanda? Magogo mawili hayatoshi kuamua. Lakini wanaochimba kando ya mito na maziwa yetu wasitupe kijiti chochote kabla ya kukiosha na kukikagua.