Kasiksi: tazama mtama kwanza

Anayesifia kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa sababu ni tamu, mpe Fanta. Kiangazi kimefika, harusi zimejaa, na kila sherehe ya Goma, iwe Himbi au Ndosho, humkosi jamaa mmoja aliyeinua bilauri akitangaza kwamba hajawahi kunywa kasiksi nzuri namna hii, na meza nzima inaitikia. Ukionja: sukari, levire ya mikate, na maji ya ndizi zilizokamuliwa hadi zikachoka. Muuzaji simlaumu, anatafutia watoto chakula. Wanaoniudhi ni hao wanaosifu.

Tuanze na ndizi, haraka, maana kuhusu ndizi kila mtu ana lake la kusema. Iwe ndizi ya pombe. Ya mezani ukiikanda haitoi maji, inageuka uji. Ganda liwe njano kabisa na nyama iwe bado imejikaza, ikishalegea umechelewa. Yenye madoa ya kutu ndani usiiguse: ni ule mnyauko ulioingia Masisi mwaka 2001 ukaanza kufyeka migomba, na tangu hapo hakuna atakayenishawishi kwamba kasiksi ya leo inaifikia ile ya zamani. Wazee waliivisha shimoni, juu ya majani ya mgomba, moshi ukipenya polepole. Kwenye mitaa iliyofunikwa na lava ya Nyiragongo mwaka 2002, nani atachimba shimo? Pipa linakubalika. Mfuko wa plastiki haukubaliki, na usiniulize sababu.

Maji ya kuongezea yachemshwe. Goma inakijua kipindupindu, haihitaji somo.

Sasa mtama. Hapa ndipo wasiojua wanapita mbio. Wao hutazama povu na rangi, wakati povu linaletwa na levire yoyote na rangi ya kahawia inatoka kwenye sukari iliyounguzwa. Wewe maliza bilauri, mimina machicha kiganjani, tafuta vipande vya mtama, upasue kimoja kwa ukucha. Ganda liwe hudhurungi, ndani pabaki peupe. Pakiwa peusi, umeuziwa mkaa. Usipoona vipande, ila unga uliotulia chini ukawa tope, ujue mtama ulipelekwa mashineni. Mtama wa kasiksi haupelekwi mashineni! Unavunjwa kwa jiwe, nusunusu, ili uelee.

Kuelea huko ndiko kwenye kazi. Vipande hujikusanya juu ya mutobe, yaani maji ya ndizi, vikawa blanketi zito, hewa ikilisukuma kutoka chini. Mutobe una sukari tele, lakini chachu haishibi sukari peke yake. Mtama ndio unaoilisha yaliyobaki, tena unaacha ukali kidogo ili utamu usikinaishe. Wenzetu wa Ulaya kazi hiyo ya ukali wameyaachia maua ya hopsi, na yamo hata ndani ya bia ya Primus. Sisi tuna kikaango. Baada ya siku mbili, au tatu ikiwa baridi (tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, usiku wa hapa hautanii), blanketi hupasuka katikati, kisha huzama. Kabla halijazama hiyo bado ni mutobe uliokasirika. Likishazama, inywe leo au kesho. Keshokutwa utakuwa unatafuta saladi ya kuitilia siki.

Nilimjua mama mmoja wa Sake aliyekaanga mtama kwenye kigae bila kuutazama. Alisikiliza. Punje ya kwanza ikipasuka aliendelea kukoroga, ya pili vilevile. Ya tatu ikilia, kigae kilishatoka motoni, hata kama mgeni ndiyo kwanza anabisha hodi. Mtumbwi wake wa kukandia haukuwahi kuonja sabuni, maji moto na nyasi tu, kwa sababu chachu ilikuwa inalala ndani ya nyufa za ule mti, ikingoja ndizi za safari nyingine. Siku moja mkwe wake, kwa nia njema kabisa, aliusugua kwa sabuni ukang'aa. Kasiksi iliyofuata ilikaa kimya bila povu. Mama naye akakaa kimya, wiki nzima.

Na wajanja wapo. Mmoja alisikia kwamba wajuzi hutafuta vipande, akawa anakaanga mtama vizuri, anauvunja kwa jiwe, halafu anautupia kwenye bido (dumu) la maji ya sukari saa ileile ya kuuza. Kwa jicho humkamati. Tumia meno. Kipande kilichokaa ndani ya mutobe siku tatu kimelegea na hakina ladha tena, kimeshatoa chote. Cha yule mjanja kinavunjika kwa mlio, na kina utamu wa bisi. Nilipotafuna mbele yake alicheka, akanirudishia franga zangu na kuniomba nisiseme kwa sauti.

Ukinunua bido lililoshuka kwa boti pale Kituku, tazama kifuniko. Mwenye kasiksi hai hakikazi, anaogopa bido lisimpasukie njiani. Kilichokazwa barabara na bido halijafura, achana nacho. Na muuzaji akikukataza kuonja kwanza, songa kwa mwenzake.