Akida, Bwana na Mtoro: Sababu za Vita vya Mombasa katika Maandishi

Mwaka 1950 Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani, alichapisha kitabu juu ya Al-Akida Muhammad bin Abdallah na Ngome ya Yesu, na ndani yake akautia utenzi wa Abdallah bin Masud Mazrui. Kisa chenyewe ni mashuhuri. Al-Akida, mkuu wa askari wa ngomeni, alimwasi Seyyid Barghash. Januari 1875 manowari mbili za Kiingereza, Rifleman na Nassau, ziliipiga ngome kwa mizinga, naye akasalimu amri. Ni kisa cha wakubwa: akida, seyyid, na mahasimu waliotiliana fitina. Hinawy aliuhifadhi utungo ambao pengine ungalipotea, na kwa hilo anastahili shukrani. Hata hivyo mhakiki hana budi kuuliza ni nani walioachwa nje ya kisa.

Swali hilo si la kuzuliwa. Mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa ulikuwa umetiwa sahihi Unguja Juni 1873, na katika mwaka uleule wa mizinga, 1875, misheni ya Kiingereza ilianzisha Freretown ng'ambo ya kisiwa, upande wa Kisauni, iwe makao ya watumwa waliokombolewa baharini. Aliyesimama juu ya kuta za ngome alikuwa karibu na mambo hayo kuliko alivyokuwa karibu na baraza la Barghash.

Upande wa pili wako wamisheni na maofisa wa Kiingereza. Kwao utumwa ndio ufunguo wa kila mlango: Mwarabu alipigana ili aendelee kumiliki watu, Mwingereza alipigana ili awakomboe. Maelezo haya yana mvuto, na yamerithiwa na vitabu vingi vya shule. Lakini yapimwe kwa vita vya 1895 na 1896. Vilianzia Takaungu, katika ugomvi wa urithi wa uliwali baada ya kufa kwa Salim bin Khamis, ambapo Kampuni ya Kiingereza ilimpendelea mgombea mmoja dhidi ya mwingine. Mbaruk bin Rashid wa Gazi akaingia, boma lake la Mwele likatekwa Agosti 1895, askari wakaletwa kutoka Bara Hindi, na Aprili 1896 akavuka mpaka kujisalimisha kwa Wadachi. Mshindi sasa alikuwa na nguvu zote. Je, aliufuta utumwa? Hakuufuta. Mjini Mombasa na katika ukanda wote wa pwani ya Kenya hali ya utumwa iliendelea kutambuliwa kisheria hadi mwaka 1907, na ulipofutwa, fidia walilipwa mabwana. Ngome yenyewe iligeuzwa jela tangu 1895, ikakaa hivyo hadi 1958. Vita vya ukombozi havifuatwi na miaka kumi na moja ya subira.

Basi je, utumwa haukuwa sababu? Hapa ndipo watetezi wa heshima ya koo za pwani wanapoharakisha mno. Huko Marekani nako, baada ya vita vya 1861 hadi 1865, walitokea waliodai kwamba Kusini kulipigania haki za majimbo tu. Lakini Mississippi na majimbo mengine kadhaa yalikuwa yameandika kwa mkono wao wenyewe kwamba yanajitenga kwa ajili ya utumwa. Mombasa haina hati ya namna hiyo. Ushahidi wake umo katika miguu ya watu.

Watumwa walitoroka. Walikimbilia Freretown na Rabai, na wengine wakajijengea vijiji vyao nyikani. Mwaka 1880 watu wa mji walitishia kuivamia Freretown kwa hasira ya watoro waliopokewa humo. Mwaka 1883 kijiji cha Fuladoyo kilishambuliwa, na kiongozi wake, David Koi, akauawa na watu wa Takaungu. Mwaka 1888 George Mackenzie wa Kampuni aliona hapana njia ila kuwalipa mabwana fidia kwa watoro wapatao 1,400 waliokuwa katika vituo vya misheni, na mwanzoni mwa 1889 hati za uhuru zikagawiwa Rabai. Katika mambo hayo yote aliyeanza si mmisheni wala liwali. Ni mtoro aliyewalazimisha wote wawili kuchukua hatua. Fred Morton, katika kitabu chake cha 1990, ameonyesha hayo kwa urefu. Fasihi yetu bado haijamfuata.

Lugha imehifadhi zaidi ya tungo. *Mtumwa* ni mwenye kutumwa, na shina lake ndilo lililozaa *mtume*. *Mtoro* ni mwenye kutoroka, jina linalompa mtu kitendo chake mwenyewe. Aliyezaliwa nyumbani kwa bwana aliitwa *mzalia*, na aliyeletwa karibuni aliitwa *mjinga*. Neno hili la mwisho twalitumia kila siku darasani bila kukumbuka lilitokea wapi.

Ngome ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mgeni huonyeshwa Wareno na Waomani, na vyombo vilivyoopolewa katika merikebu ya Santo Antonio de Tanna, iliyozama hapo chini mwaka 1697 wakati wa mazingiwa. Kumbukumbu ya watumwa iko ng'ambo, Kengeleni, mahali palipopata jina kwa kengele ya Freretown. Na wengi walitajao jina hilo garini kila asubuhi hawafikirii kengele.

Utenzi wa Al-Akida wahitaji kuhaririwa upya. Mhariri atakayeushika, baada ya kueleza nasaba za Mazrui na vyeo vya maofisa, aongeze katika maelezo yake kurasa chache juu ya Kisauni ya mwaka 1875, na juu ya waliovuka maji usiku kwenda huko.